Nani Bado Hajala

Fundi Miwani hakuwa mpishi, na usingethubutu kumwita hivyo hata kwa utani. Mpishi, kwa akili yake, ni mtu anayejua tangu asubuhi mchana atapika nini. Yeye alikuwa anangoja njaa imbane, ndipo anaacha kazi, anafungua kabati la jikoni, anachungulia ndani kama mgeni anayepiga hodi, halafu anauliza kwa sauti, "Haya, leo nani yupo?" Kama ni nusu kitunguu, kinatoka. Kama ni maharage ya juzi, yanatoka. Kiporo cha wali kinatolewa kwenye friji, kinavunjwavunjwa kwa vidole, yai likiwepo linapasuliwa juu yake, na kabla hujamaliza kupiga miayo chakula kiko mezani. Mkewe, ambaye ni nesi na mdomo anao, alikuwa anasema mumewe anaweza kupika hata kivuli, mradi apewe chumvi.

Basi, tangu mama mkwe ahamie kwao, swali lile lilipata wa kulijibu. Mama wa watu alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, miguu juu ya kigoda, mtandio begani, na Fundi akiuliza nani yupo, yeye anajibu kutoka huko alikokuwa, "Wote wapo, isipokuwa wa bweni la juu." Fundi anacheka, anaendelea kumenya kitunguu. Mama huyu alikuwa amepikia shule ya bweni tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa, na wanafunzi walimwita Mama Bweni, jina lililomganda mpaka nyumbani. Siku hizi kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumpotea. Kati ya leo na zamani palikuwa na mlango usiofungika vizuri, na yeye alikuwa anapita huku na huku apendavyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana: meza chini ya dirisha, gurudumu la kusagia vioo, visanduku vya skrubu ndogo sana, ambazo ukipiga chafya tu ushazipoteza. Nyuma ya karakana pazia, nyuma ya pazia jikoni. Mchana jua likiingia, vumbi la vioo lilikuwa linaelea polepole na kumetameta, na Mama Bweni alikuwa anavaa miwani ya wateja, moja baada ya nyingine, anatazama mtaa na kutoa taarifa. Kwa hii mtaa umezama majini. Kwa hii watu hawana miguu, wanaelea tu. Kwa hii namwona marehemu mume wangu anakuja na baiskeli, mwambieni asikanyage vitunguu vyangu. Fundi alikuwa anasaga vioo na kuitikia, na wakati mwingine, akiinua kichwa ghafla na macho yamechoka, hata yeye alikuwa anaona mtaa ukiyumba kidogo kama uko chini ya maji. Mtu mwingine angeona adha. Yeye alilelewa leo nyumba hii, kesho nyumba ile, bila mtu wa kumwita mama, na sasa aliona kama amefikiwa na kitu ambacho wenzake walipewa zamani. Alimpenda yule mama, na hakuona haya kusema.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo si dogo. Mama Bweni alikuwa hataki kula.

Si kwamba alikataa kwa ukali. Ungempa sahani, angeipokea kwa mikono miwili, angekushukuru vizuri, angeitazama kwa upole, kisha angesema, "Baadaye." Na hiyo baadaye haikufika. Chai alikunywa. Kipande cha mkate alikimung'unya ukimwacha nacho peke yake, basi. Binti yake, yule nesi, alihangaika mpaka naye akakonda. Samaki wa asubuhi, supu ya kuku, papai lililopondwa, kila kitu kipya, kila kitu cha kwanza. Sahani ya mama ilikuwa inapakuliwa kabla sufuria haijaguswa kwa ajili ya mtu mwingine, tena sahani nzuri, ile ya wageni, yenye maua pembeni, na hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla yake. Ndivyo walivyolelewa, mkubwa kwanza. Wangekaa hivyo wote wawili wakimtazama, chakula kinapoa, mpaka wachoke. Daktari alimpima akasema tumbo halina neno, meno yapo ya kutosha, yeye haoni ugonjwa. Nguo zikaanza kumpwaya. Bangili yake ya siku zote ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo akapiga simu Kaka Mkubwa, kifungua mimba wa Mama Bweni, mwenye duka la magodoro mji wa pili. Hakufoka. Heri angefoka. Alisema taratibu kwamba Jumapili jioni anakuja, na akimkuta mama bado hajaanza kula, anaondoka naye, na hataki kubishana na mtu. Nesi, aliyeipokea, akamhadithia mumewe neno kwa neno. Fundi alimwambia asife moyo, mpaka Jumapili lolote linaweza kutokea, ingawa yeye mwenyewe roho ilikuwa mkononi. Alikuwa hataki yule mama aondoke. Akifikiria kile kiti kikiwa kitupu, na miwani ya wateja bila mtu wa kuijaribu, alikuwa anashindwa hata kushika bisibisi.

Jumapili ikafika. Mpango ulikuwa kwamba Nesi akitoka zamu alasiri atapitia sokoni, alete nyama na mboga, wapike chakula cha maana, Kaka Mkubwa aingie akute nyumba inanukia na mama yuko mezani. Mpango mzuri kabisa, ila Kaka Mkubwa hakuambiwa. Mchana, jua la utosi, gari likasimama nje likamwaga watu: yeye mwenyewe, mkewe, mabinti zake mapacha ambao midomo yao haina likizo, na dereva wa duka. Walikuwa wameamua kuwahi, wasije wakarudi na giza njiani. Fundi alikuwa na singlendi, kioo cha mtu kiko kwenye gurudumu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

Aliwakaribisha, akahamisha visanduku vya skrubu ili viti vipatikane, akafunika mashine na kitambaa. Kaka Mkubwa alimwamkia mama yake, akamshika mkono, akaizungusha ile bangili iliyolegea. Mama Bweni alimtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mkaguzi wa shule, akamuuliza safari ilikuwaje. Kisha Kaka Mkubwa akainua macho kwa shemeji yake, na yale macho Fundi aliyaelewa vizuri sana.

Akaomba radhi, akapita kwenye pazia, akafungua kabati. Safari hii hakuuliza nani yupo. Aliogopa jibu.

Palikuwa na bakuli la wali wa jana. Maharage kidogo, ya kumtosha mtu asiye na njaa. Mkate uliokauka. Karoti zilizosinyaa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Mayai mawili, kopo la nyanya, mabaki ya maziwa ya unga yaliyogandia chini ya mfuko, na vitunguu, maana vitunguu havikosi. Duka la jirani Jumapili halifunguliwi. Fundi alifunga kabati, akalifungua tena. Alijua kitakachosemwa: kumbe mama hali kwa sababu nyumba yenyewe haina chakula. Na akishasema hivyo Kaka Mkubwa, nani atambishia? Alishika kisu akaanza kukata kitunguu haraka haraka, vipande vinatoka vinene kama vifuniko vya chupa.

"Hivyo utamlisha nani?"

Aligeuka. Mama Bweni alikuwa amesimama nyuma yake. Amesimama mwenyewe, bila kushikwa, mtandio ameufunga kiunoni. Hakuwa anamtazama Fundi, alikuwa anatazama kisu. Huko mbele mapacha walikuwa wamepata vijiko na kisanduku cha bati, wanagonga na kuimba kwamba wana njaa, wana njaa, na baba yao anawakanya bila mafanikio. Mama Bweni aliinamisha kichwa akausikiliza ule mgongano wa vijiko na bati, na uso wake ukabadilika.

"Wangapi?" aliuliza.

Fundi akasema wamekuja watu watano.

"Hao si watu," alisema Mama Bweni. "Hao ni kona ya meza."

Akachukua kisu mkononi mwa mkwewe. Halafu akamsukuma kando kwa kiwiko, vile wapishi wanavyosukumana jikoni bila kuombana samahani, na Fundi, ambaye tangu aoe alikuwa hagusani na mama mkwe wake kwa heshima, akajikuta amebanwa kwenye kona ya kabati hajui aweke wapi mikono. Mama Bweni hakumpa nafasi ya kufikiri. Alimwambia kijana, acha kushangaa, washa jiko. Kijana, leta mafuta. Kijana, huo mkate uloweke kwenye maziwa, usiuonee huruma. Fundi kijana akaitikia ndiyo mama, akakimbia huku na huku jikoni kwake mwenyewe kama ameajiriwa leo.

Ule ulikuwa upishi ambao hakuwahi kuuona, ingawa vitu vyote vilikuwa vyake. Kitunguu kilikatwa chembamba mpaka kikawa kinapepea. Karoti zilikwaruzwa kwenye mbuzi ya bati, mtu asije akaona sura zao. Mkate ulikamuliwa, ukachanganywa na yale mayai, kitunguu na karoti, ukafinyangwa vitonge vya bapa, vikatumbukizwa kwenye mafuta vikaanza kuchachatika. Maharage yalipondwa nusu, nusu yakaachwa, yakamwagiwa nyanya ya kopo na maji, na yakatanuka mpaka Fundi akaona aibu kwa kuwa aliyadharau. Alipotaka kuukoroga wali, mama alimpiga kofi dogo la mkono. Wali wa jana haukorogwi, alisema, unaamshwa. Akaunyunyizia maji, akaufunika na kitambaa kibichi, akaupunguzia moto, akakaa akiusikiliza.

Mvuke ukajaa. Miwani ya Fundi ikapata ukungu, na badala ya kuifuta aliiacha hivyo hivyo, maana ndani ya ule ukungu jiko lake lilianza kupanuka. Ukuta wa nyuma ulirudi mbali. Sufuria mbili zikawa nyingi, kubwa, nyeusi kwa masizi, na juu yake palikuwa na madirisha marefu yanayoingiza mwanga mweupe wa asubuhi. Alisikia foleni. Aliisikia kweli, miguu ya watoto ikiburuzwa sakafuni, sahani zikigongana, mmoja akimsukuma mwenzake, mwingine akicheka kwa kikohozi. Na katikati ya mvuke alikuwepo mwanamke mwenye mgongo ulionyooka, mkono mmoja kiunoni, anaita wa bweni la juu waje mbele kwa sababu jana walikuwa wa mwisho. Fundi alikaa ndani ya ndoto ya mtu mwingine, akapenda kukaa humo. Ni mafuta yaliyomrukia mkononi ndiyo yaliyomrudisha.

Mama Bweni hakuonja kitu. Alinusa tu, akaongeza chumvi, akasema pakua.

Walipopeleka chakula mbele, mke wa Kaka Mkubwa, mwanamke mwenye adabu zake, hakukubali mtu aguse kitu. Aliomba ile sahani ya maua, akapakua wali, akapanga vitonge viwili juu, akazungushia maharage, akamwita mama mkwe wake aje akae katikati aanze. Wote wakatulia, mikono mapajani. Mama Bweni akaja, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru. Akaitazama. Akawatazama wale mapacha waliokuwa wanaikodolea macho.

"Baadaye," alisema, akampa sahani dereva, akarudi jikoni.

Kaka Mkubwa alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, unaona? Hata kupika amepika mwenyewe, na bado hataki. Akasema wakimaliza kula, mama afungiwe begi. Fundi alikuwa ameshika jagi la maji. Alimimina maji mpaka glasi ikafurika, dereva akamwambia fundi, tosha.

Lakini chakula kile kilikuwa hakikai mbele ya mtu akaendelea kununa. Walianza polepole kwa unyonge, kisha vijiko vikashika kasi. Mapacha walipigania kitonge cha mwisho mpaka mama yao akakikata kati. Dereva aliongeza, akaomba radhi, akaongeza tena. Kaka Mkubwa mwenyewe, pamoja na hasira zake, alifuta sahani kwa kidole alipodhani hakuna anayemwona. Fundi alikuwa anakwenda na kurudi, huyu chumvi, huyu maji, na tangu chai ya asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni.

Alipokusanya sahani akaziingiza jikoni, alimkuta mama mkwe wake amesimama penye upenyo wa pazia, anahesabu vichwa.

"Nani bado hajala?" aliuliza.

"Wote wamekula, mama."

"Na yule wa mwisho, wa pembeni?"

Fundi akasema yule dereva ndiye aliyekula kuliko wote. Mama Bweni akaridhika na hilo, kisha akamgeuzia macho yeye, akamtazama kuanzia miguuni.

"Na wewe?"

Njaa ilikuwa inamkwangua Fundi, na harufu ya vile vitunguu ilikuwa imezidi kumtesa. Hakujua kwa nini alisema uongo. Labda aliona haya kudai chakula siku kama ile, labda hakutaka kumsumbua. Alisema, "Nimekula, mama. Nimeshiba."

Mama Bweni akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Akavuta sufuria ya wali, ambayo ilikuwa imebaki ukoko na punje za pembeni. Akakung'utia humo mchuzi wa maharage uliobaki. Akaokota kile kitonge kilichovunjika wakati wa kugeuza, ambacho hakikufaa kupelekwa kwa wageni, akakitupia juu. Akakaa kwenye kigoda, sufuria katikati ya magoti, akachukua mwiko, akaanza kula.

Alikula kama mtu aliyefanya kazi. Hakuinua kichwa. Alikwangua upande mmoja, akaizungusha sufuria, akakwangua wa pili, na ule ukoko ulikuwa unalia chini ya meno yake.

Fundi alisimama na sahani chafu mikononi, na mambo yakamfungukia. Ile baadaye haikuwa kukataa. Mama alikuwa anawaambia muda wake wa kula, na wao hawakuelewa. Maisha yake yote alikula baada ya mtoto wa mwisho kuondoka, kwenye kigoda, kilichobaki, ndani ya sufuria. Na wao walikuwa wanamtengea sahani iliyojaa, ya kwanza kabisa, kisha wanakaa mbele yake na midomo mikavu wakimtazama. Kwao ile ilikuwa heshima. Kwake yeye ilikuwa kuambiwa ale mbele ya watoto wenye njaa. Mama gani angeweza? Fundi aliona aibu, akaona huruma, na papo hapo akataka kucheka.

Pazia likasogea. Kaka Mkubwa alikuwa amekuja kurudisha glasi, akakwama pale pale mlangoni. Alimtazama mama yake, akasikiliza ule mkwaruzo wa mwiko.

"Anakula," alinong'ona.

Wakasimama kama watu wanaoogopa kumfukuza ndege. Baadaye Kaka Mkubwa akasema, bado kwa kunong'ona, kwamba hakumbuki hata mara moja kumwona mama yake akila. Walipokuwa wadogo walidhani mama hasikii njaa. Walidhani ndivyo alivyo tu, kama vile wengine hawapendi pilipili. Macho yalimjaa, akayafuta kwa mkono wa shati lake zuri la safari. Kisha akamwekea shemeji yake mkono begani, akamwambia yale maneno ya simu ayasahau, yeye ameona kwa macho yake. "Hapa amepata mtu anayemjua. Abaki."

Haya, si ndiyo hayo Fundi aliyokuwa anayataka? Mimi na wewe tungesema asante shemeji, tukanyamaza, tukafunga mlango kabla mtu hajabadili mawazo. Na Fundi alikaribia kusema.

Ila masikio yake yalikuwa bado yako mbele, karakanani. Mapacha walikuwa wameanza tena na vijiko. Dereva anacheka, mke wa Kaka Mkubwa anagomba, kiti kinaburuzwa. Na kesho? Kesho Nesi yuko zamu. Kesho nyumba nzima ni yeye na gurudumu lake. Atamletea nani mama amlishe? Mdomo mmoja haufanyi foleni. Mama atauliza wengine wako wapi, atawangoja, na wengine hawatakuja. Angeweza kumdanganya kila siku kwamba wote wamekula, lakini huyu si mtu wa kudanganywa na sahani moja kwenye karai. Huyu anasikiliza vijiko. Kisha akaikumbuka nyumba ya Kaka Mkubwa, ile ambayo Nesi akitoka huko anasema masikio yanavuma: watoto wao, watoto wa ndugu, wafanyakazi wa duka wanaoingia mchana kula na kutoka, jirani anayepitia chumvi akabaki mpaka chai. Nyumba ambayo sufuria haipumziki.

Alijaribu kulifukuza lile wazo, likakataa kutoka.

"Shemeji," alisema, na sauti haikuwa yake. "Mchukue."

Kaka Mkubwa alidhani hakusikia vizuri. Ikabidi Fundi amvute mpaka kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, amweleze pole pole. Alieleza vibaya, akirudiarudia, akishika vibanio vya nguo na kuviachia. Mwishoni alisema aliyoyataka hasa.

"Msimpakulie kwanza. Mwacheni apike, au hata agawe tu. Mkishakula wote, mwambieni wote wamekula. Halafu mwachieni sufuria, na msimtazame."

Nesi alifika alasiri, kikapu cha nyama na mboga kimemwelemea, akakuta begi la mama yake kitandani liko wazi. Akamgeukia mumewe. Alimuuliza si yeye aliyekuwa anamwambia asife moyo, si yeye aliyesema mpaka Jumapili lolote linaweza kutokea, leo kauza mechi kwa kaka mtu kwa sababu gani? Fundi hakujitetea. Alimpeleka jikoni akamwonyesha sufuria, imekwanguliwa mpaka inang'aa, akamweleza yote tangu kona ya meza. Nesi aliuliza mama amekwangua mwenyewe? Mwenyewe. Bila kulishwa? Bila kulishwa. Akakaa kwenye kile kigoda, akaipakata sufuria tupu, akalia kwa sauti, asijali wageni. Alililia supu zote na samaki wote na ile sahani ya maua. Kisha akanawa uso, akaenda kulifunga begi la mama yake kwa mikono yake.

Jua lilikuwa limelala upande, mtaa wote umekuwa wa rangi ya chai. Mama Bweni aliwekwa kiti cha nyuma, katikati ya mapacha, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshaanza kuwauliza huko waendako wako wangapi. Mapacha wakaanza kutaja majina, wanagombana nani kasahauliwa, na yeye anatikisa kichwa kwa kila jina, anapanga. Alionekana kijana. Nesi alimkumbatia kupitia dirishani, akamwambia siku ya mapumziko atamfuata, mama akamwambia aje na njaa.

Fundi aliinama naye. Alikuwa ameandaa maneno tangu kule kwenye kamba ya nguo, mazuri, ya mkwe kwa mama mkwe wake, na yote yakayeyuka. Alibaki ameshika ukingo wa dirisha. Mama Bweni alimtazama, macho yake yametulia, kisha akanyoosha mkono, akampangusa vumbi la vioo kwenye nyusi kwa kidole gumba.

"Wewe kijana unafaa," alimwambia. "Zima jiko vizuri. Na kesho uwahi, tuna watu wengi."

"Nitawahi, mama," alisema Fundi.

Gari likaondoka polepole kwa sababu ya mashimo, likakata kona. Wao wawili wakabaki barabarani, na mtaa ukawa kimya. Nesi alimshika mumewe mkono, akauona umelegea, akamtazama usoni akamuuliza kama mchana ule alikula.

"Bado," alisema Fundi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.